Mguu wa Mzee, Jiliwa la Baba

Kwenye muundi wa mguu wangu wa kushoto, vidole vinne juu ya kifundo, kuna kovu lililojikunja kama mwezi mchanga. Watoto wa dada yangu huniuliza kama niliumwa na mbwa. Ni tezo, na aliyelishika ni mimi mwenyewe. Ilikuwa Mwenge, Dar es Salaam, mwaka 1989. Nilikuwa na miaka 17, nimekaa chini nimenyoosha miguu, pande la mpingo limebanwa katikati ya nyayo zangu kama nilivyoelekezwa. Nilipiga, pande likaponyoka, tezo likaendelea na safari yake.

Nyumbani kwetu jambo kama hilo lisingetokea. Baba alikuwa seremala Tandika, na kwenye meza yake ya kazi, upande wa kushoto, kulikuwa na jiliwa la chuma zito kuliko mimi. Siku hizi vijana wanasema vaisi. Baba alisema jiliwa kwa sababu seremala wa Unguja aliyemfundisha alisema jiliwa, na mwanagenzi akija kuomba vaisi Baba alijifanya hasikii mpaka neno libadilike. Taya zake alizifunika kwa vibao vya mninga ili chuma kisiache alama kwenye kazi. Mkono wake wa kuzungushia ulikuwa umesuguliwa na viganja hadi unang'aa kama kijiko. Kabla hujagusa patasi, kwanza ufunge. Ukishafunga, alikuja mwenyewe akatikisa ubao. Ukicheza hata kidogo, unafungua, unaanza upya. Kwake yeye patasi ilikuwa na sheria moja tu: mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na hilo haliwezekani kama mkono mmoja una kazi ya kushika mbao.

Mimi nilikuwa namharibia vipande vya mninga nikichonga vichwa vya watu kwenye mipini ya miiko. Alivumilia mwaka mzima. Halafu siku moja akanichukua hadi Mwenge kwa Mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akimuuzia nyundo za mpingo, akanikabidhi kama anavyokabidhiwa mwalimu wa chuo mtoto mtundu, akaondoka.

Mzee alizaliwa upande wa pili wa Ruvuma, kwenye nyanda za Mueda, akavuka akiwa kijana kama walivyovuka Wamakonde wengi, akakata mkonge Tanga kabla ya kurudia kazi ya mikono. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mwembe, gunia la kukalia na kigogo kilichochimbika katikati kwa miaka ya kupigiwa. Hakuna meza. Hakuna jiliwa. Wiki ya kwanza nilidhani vifaa vingine viko ndani vimefungiwa.

Ilinichukua muda kuona kwamba vifaa vyenyewe nilikuwa naviangalia. Unyayo wa kulia aliusimamisha, kisigino kimezama kwenye vumbi la mbao, hausogei. Hilo ndilo lilikuwa taya lisilotembea. Wa kushoto ulikuwa unakuja na kwenda. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinapanda juu ya kinyago na kukigeuza kidogo, kama mtu anayefunua ukurasa, huku mikono ikiendelea na kazi yake juu. Tezo lilipotua, miguu yote miwili ilipokea: ilirudi nyuma kama nusu ya unene wa kidole, kisha ikarejea mahali pake. Hakuwa anaiangalia kamwe. Muda ambao mimi kwa Baba ningefungua jiliwa mara moja, nikageuza ubao, nikafunga, yeye alikuwa amekwisha kukigeuza kinyago mara nne na kuchonga pande zote nne.

"Baba yako ana chuma," aliniambia. "Chuma kinashika. Hakisikii."

Sikumwelewa. Nilielewa tezo la siku ile. Zahanati walinishona nyuzi tano, na niliporudi Mwenge nikichechemea Mzee hakunipa pole wala hakunigombeza. Alikunja suruali mpaka magotini. Miundi yake ilikuwa kama ubao wa kukatia nyama. Akaanza kunionyesha alama kwa ncha ya patasi: hii ya Tanga, hii mwaka wa Uhuru, hii niliamka na hasira asubuhi, hii sikumbuki. Akashusha suruali, akanisogezea pande langu.

Nasema haya kwa sababu ya picha. Watalii wanaokuja Mwenge wanapenda sana kupiga picha ya nyayo zimekishika kinyago. Wanasema ni asili, na huwa wanasikitika wakiona meza na chuma kwenye banda, kana kwamba tumeibiwa kitu. Picha haionyeshi muundi. Haionyeshi pia magoti ya Mzee alipofika miaka 60, namna alivyokuwa akijishika kwenye shina la mwembe ili ainuke, hatua kwa hatua kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Mguu ni jiliwa zuri sana, ila vipuri vyake havipatikani.

Mwaka 1994, nikiwa na banda langu la mabati, nilikwenda eneo la Gerezani nikanunua jiliwa la mitumba. Lilikuwa la fundi wa vyuma, taya zake zina meno. Nikalifunga kwa bolti nne kwenye meza niliyoipandisha hadi usawa wa kiwiko, maana meza ya kuchongea haitakiwi kuwa fupi kama ya kupigia randa. Kwenye randa unasukuma kwa uzito wa mwili, kwenye kuchonga unagonga na kuangalia kwa karibu, na ukiinama mgongo ndio unalipa. Miezi ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeongezewa mkono wa tatu. Patasi kushoto, nyundo kulia, mikono yote nyuma ya makali, na Baba alipokuja kunitembelea alitikisa kazi iliyofungwa, haikucheza, akacheka peke yake.

Halafu ikaja oda ya kinyago cha ujamaa: watu wamepandana kwenye gogo moja, babu chini, vizazi juu yake, kimo cha sentimita 70 hivi. Nilikuwa nimekifanyia kazi kwa miezi miwili. Nilikuwa nimefika kwenye matundu, pale unapotoa mbao katikati ya mkono na kiuno ili mwanga upite na kinyago kipumue. Nikakifunga kwenye jiliwa katikati, kwa sababu katikati ndipo paliponirahisishia kufika. Nikaona kinacheza. Nikaongeza nusu mzunguko. Bado. Nikaongeza robo.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa tak, kama mtu amevunja karanga.

Mpingo unadanganya. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na unameza makali ya patasi kuliko mti mwingine wowote niliowahi kuchonga. Ndiyo maana huko Ulaya wanautengenezea klarineti, zumari zao zile nyeusi. Kwa hiyo kijana anadhani kitu kigumu hivi hakivunjiki. Lakini ugumu si unyumbufu. Mpingo haupindi, na ndani ya kiini chake mara nyingi kuna nyufa ambazo jicho halizioni. Na mimi nilikuwa sijawahi kukaa nikapiga hesabu ya kile kilichokuwa mikononi mwangu. Mkono wa jiliwa wenye sentimita 20 ukizunguka mara moja, kiganja chako kinasafiri karibu sentimita 125. Parafujo yenye hatua ya milimita 5 inasogeza taya nusu sentimita. Ni mara 250. Msukumo wa kilo 10, ambao mtoto anauweza, kwenye karatasi unakuwa tani 2 na nusu. Msuguano unakula sehemu kubwa, lakini hata ikibaki sehemu ya tano tu, ni kilo 500, na nilikuwa nimeziweka kwenye kiuno cha kinyago ambacho nimekwisha kukitoboa. Mguu wa binadamu hauna nguvu hizo. Na ungekuwa nazo, ungesikia kitu kinalalamika kabla hakijakatika.

Mteja alirudishiwa malipo ya awali, ambayo nilikuwa nimeshayala, kwa hiyo nilikopa. Mzee alikuja akavigeuza vile vipande viwili kwa muda mrefu. "Ulibana kiunoni," alisema, basi. Akaondoka na kipande kikubwa. Baada ya wiki tatu kilikuwa shetani mwenye jicho moja na mguu mmoja, na kiliuzwa. Wachongaji husimulia kwamba hata mtindo wenyewe wa shetani, aliouanzisha Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, ulitokana na kinyago kilichovunjika. Mashetani hayana masharti ya viungo. Hela alinipa nusu.

Kilichonibadilisha baada ya hapo kilikuwa kitu kidogo ambacho Baba asingeweza kunifundisha, kwa sababu ubao wa mlango una pande nne zilizonyooka mwanzo hadi mwisho. Kinyago kinaanza na pande za kushika na kinamaliza bila hata moja. Kila unapochonga unapunguza mahali pa kushikia. Mtindo wa mawingu ndio mbaya zaidi: unajipinda wote, hauna mbele wala nyuma, na jiliwa la meno linautazama tu. Kwa hiyo nilijifunza kuacha kisiki. Chini ya kinyago unabakiza kipande cha mraba, sentimita 6 au 8, ambacho hakina sura ya mtu wala shetani. Taya zinabana kisiki, kinyago chenyewe hakiguswi. Kisiki kinakatwa siku ya mwisho kabisa, baada ya msasa. Mpingo una bei, na mwanzoni nilikuwa naumia kuona sentimita 8 zinakwenda na msumeno. Kisha nikakumbuka ile tak.

Kwa vile vidogo, na kwa kumalizia, nilitumia gunia. Unashona turubai zito, unalijaza mchanga mkavu uliochekechwa, bila kulishindilia. Unalaza kinyago, unakigandamiza, mchanga unajipanga wenyewe kufuata kila uvimbe na kila bonde. Gharama yake ni ya kikombe cha chai na chapati. Sijui kwa nini nilikaa Mwenge miaka 6 kabla ya kulijaribu. Pengine kwa sababu halionekani kama kifaa.

Karibu na mwaka 2000 alikuja mama mmoja mchongaji kutoka Ujerumani, anayechonga sanamu za makanisa, akakaa nasi majuma kadhaa. Kwenye mkoba wake kulikuwa na parafujo ndefu ya kiganja na nusu, ncha yake kama ya skrubu ya mbao, mwisho wake una nati yenye masikio mawili. Unatoboa meza, unapitisha parafujo kutoka chini, inaingia kwenye kitako cha sanamu, unakaza nati kwa chini, na juu ya meza hakuna kitu zaidi ya sanamu yenyewe. Hakuna taya linalokuziba. Unalegeza nati, unageuza sanamu ikutazame, unakaza. Niliitamani ile parafujo kama mtoto anavyotamani baiskeli ya jirani. Yeye alikuwa anatamani nyayo za Mzee. Basi asubuhi moja tukabadilishana: yeye akakaa chini kwenye gunia, mimi nikasimama mezani. Hadi adhuhuri alikuwa hawezi kunyoosha miguu, na mimi nilikuwa karibu nivunje parafujo yake. Kwao wanachonga mti wa lindeni, laini na mweupe, ambao parafujo inaujia kama kisu kwenye muhogo uliochemka. Mpingo uliikataa. Ukitaka parafujo iingie kwenye mpingo, sharti kwanza utoboe kwa kekee, tundu lililo karibu sawa na parafujo yenyewe, na hata hapo usali.

Huyo mama ndiye aliyenisimulia habari za Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa msanifu wa magari ya Lotus huko Uingereza. Mwaka 1961 alikuwa nyumbani akijitengenezea kabati, akaegemeza mbao kwenye kiti kizuri, akakata mbao na kiti pamoja. Kutokana na kiti hicho akabuni meza ya kukunja ambayo uso wake wote ni taya mbili ndefu, na kila upande una parafujo na mkono wake. Kampuni zilimkatalia, Black & Decker ikiwa mojawapo, kabla ya kampuni hiyo hiyo kubadili mawazo mwaka 1972 na kuiuza kwa jina la Workmate. Mimi kilichonikaa kichwani si biashara. Ni zile parafujo mbili. Ukikaza moja zaidi ya nyingine taya zinakaa mshazari, zinashika kitu kipana huku na chembamba kule. Nilitoka pale nikaenda kumtazama Mzee, na kweli: visigino vyake viko mbali, vidole vimekaribiana. Alikuwa nazo zote mbili tangu utotoni.

Basi nikaanza kutafuta chuma chenye tabia ya nyayo zile, kushika na kugeuza. Gerezani kuna fundi wa kuchomelea ambaye ukimwonyesha mchoro anauliza maswali mpaka unagundua hukujua unachotaka. Nilimwambia nataka kinyago kizunguke. Akauliza, kizunguke chenyewe au nikizungushe? Nikizungushe. Kisimame wapi? Popote. Akanyamaza, kisha akaingia nyuma ya lundo la vyuma akatoka na habu ya nyuma ya Peugeot 504 pikapu, ikiwa na beringi zake na dramu ya breki.

Tukaisimamisha wima juu ya bomba. Chini tukaweka rimu ya gari tukaimwagia zege, maana kifaa chepesi kinaruka ukikigonga, na nguvu ya nyundo inaishia kwenye kutikisa meza badala ya kukata mti. Juu ya habu, pale gurudumu linapofungwa, tukafunga kisahani cha mbao ngumu, na kisiki cha kinyago kinaingia hapo kwa parafujo nne kutoka chini, matundu yote yametobolewa kwanza. Kifaa cha kwanza kilikuwa kibaya. Beringi zililia, na kufunga breki kulitaka spana, kwa hiyo kila ukitaka kugeuza unaweka nyundo chini, unatafuta spana. Ndani ya siku mbili nilikuwa sikigeuzi tena. Nilikuwa nakizunguka mwenyewe kama mtu anayetafuta mlango.

Fundi ndiye aliyepata dawa. Alifunga springi nene kwenye mkono wa breki, ule unaovutwa na waya wa hendibreki, kwa hiyo kwa kawaida breki imekaza. Halafu akatoa waya hadi kwenye pedali chini. Ukikanyaga, inaachia, kinyago kinazunguka kwa kidole kimoja. Ukiinua mguu, kimefungwa. Mikono haijatoka kwenye patasi. Nilikanyaga na kuachia, nikakanyaga na kuachia, pale pale uani kwake, mpaka akaniambia gari halijapata kuuzwa kwa kelele hizo.

Kwa kukilaza kinyago mshazari habu haisaidii; tunaweka kabari chini ya kisahani, au tunakitoa na kukirudisha kwenye gunia la mchanga. Nilisikia kuna viunzi vya Ulaya na Marekani vyenye tufe ndani yake, vinavyolala upande wowote. Nimeshika kimoja mara moja. Ni kizuri, na bei yake ni mwaka mmoja wa kodi ya banda.

Mzee alikuja kuiona habu yetu mwezi ule ule. Wakati huo alikuwa hachongi sana, magoti yalikuwa yameshakataa, na alikuwa anakaa zaidi akiwaelekeza vijana kwa maneno, kazi ambayo aliichukia. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia, macho yako kwenye zege. Akaizunguka. Akagonga bomba kwa kifundo cha kidole.

"Ifupishe," alisema. "Mimi sisimami."

Tulirudi Gerezani tukakata bomba. Yake ilitoka fupi, usawa wa kigoda, na springi tuliichagua laini kidogo kwa sababu ya mguu wake. Tukamfungia pande la mpingo lenye kisiki kizuri, akaletewa kigoda, akakaa. Akavua kandambili, akaweka unyayo mtupu kwenye pedali. Akaikanyaga mara mbili akisikiliza. Kisha akaomba tezo.

Alipiga kwa uangalifu mwanzoni, kama mgeni anayekula kwa watu. Kinyago hakikutikisika. Baada ya muda mkono ukapata mwendo wake wa zamani, makapi meusi yakaanza kuruka, na mimi nikaenda kuhudumia mteja. Niliporudi, miguu yake ilikuwa imeondoka kwenye pedali. Ilikuwa imepanda yenyewe juu ya kisahani, nyayo zote mbili, moja huku moja kule, zimekibana kinyago ambacho tayari kilikuwa na parafujo nne na breki ya Peugeot.

"Mzee," nikamwambia, "kimeshikwa."

"Najua," alisema, akaendelea kugonga.